Mama, Ijue Dawa Kabla Hujainywa



Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'onezana tu, tukiwa jikoni tunakuna nazi, au tukisubiri kikao cha akina mama kianze. Ni habari ya mwili wa mwanamke anapofikia umri wa kukoma hedhi, na dawa za mitishamba tunazouziana ili kuutuliza mwili huo. Siku hizi karibu kila kusanyiko la wanawake lina mtu mwenye mkoba wa vichupa na vipakiti: chai ya kusawazisha homoni, unga wa kurudisha hamu ya ndoa, vidonge vya kupunguza tumbo, majani ya kusafisha kizazi. Anayeuza mara nyingi ni mwenzetu tunayemwamini, tunayeimba naye kwaya. Kwa hiyo tunanunua bila kuuliza maswali.

Mimi sina ugomvi na mitishamba. Nimelelewa na bibi aliyejua jani la kikohozi na jani la tumbo, na hadi leo mchaichai haukosekani uani kwangu. Ninaandika kwa sababu nimemzika wifi yangu, na kwa sababu nami nimeipita njia hiyo ya mabadiliko, nikaona jinsi ilivyo rahisi mtu kumeza kitu asichokijua.

Mwili unapobadilika

Mungu alimwekea mwanamke ovari mbili zinazotengeneza homoni, hasa estrojeni na projesteroni. Homoni ni kama wajumbe wanaosafiri ndani ya damu wakipeleka maagizo: kizazi kijiandae, matiti yajae, mifupa ijengeke. Mama anapofika kati ya miaka 45 na 55, kwa kawaida ovari huanza kuchoka. Maagizo yanakuja kwa kuchelewa, mara mengi, mara machache. Hedhi inaruka mwezi, kisha inarudi kwa wingi. Zinapopita hedhi bila kuonekana kwa miezi 12 mfululizo, ndipo tunasema imekoma.

Katika kipindi hicho mama anaweza kupatwa na joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku, kukosa usingizi, kusahau, hasira za haraka, na ukavu sehemu za siri unaofanya tendo la ndoa liwe la maumivu. Kwangu lilianza nikiwa na miaka 49. Kuna usiku nilibadilisha khanga mara mbili kwa jasho. Mume wangu alidhani nimemkasirikia, maana nilikuwa nageukia ukutani nikitafuta ubaridi. Nilipomweleza kwamba ni mwili na wala si moyo, alicheka kwa faraja, akaenda kununua feni.

Haya si ugonjwa wala si laana. Lakini yanachosha, na mtu aliyechoka hupokea msaada wowote anaoletewa.

Mwenzangu mmoja aliniletea vitu viwili: mbegu za uwatu, na unga wa kahawia ndani ya mfuko usio na maandishi. Alisema unga huo unarudisha homoni zote mahali pake. Wakati huo nilikuwa tayari natumia vidonge vya presha kila siku. Basi nilivibeba vyote, uwatu, unga na vidonge vyangu, nikampelekea mfamasia wa kliniki ninakotibiwa. Aliutazama unga, akaunusa, akanirudishia. Akasema, "Mama, uwatu naufahamu, tunaweza kuuzungumza. Huu hakuna anayeweza kukuambia kilichomo, hata aliyekuuzia." Niliurudisha kwa mwenzangu kwa upole, nikamweleza nilichoambiwa. Hakununa. Aliniambia hata yeye hajawahi kumuuliza aliyempa.

Majani yana nguvu

Wako wanaosema mitishamba ni majani tu, hayadhuru. Wako wengine wanaosema ni ushirikina mtupu. Wote wawili hawasemi kweli.

Biblia yenyewe haidharau dawa ya mimea. Mfalme Hezekia alipougua jipu, nabii Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu yake, naye akapona (2 Wafalme 20). Sayansi nayo ina ushuhuda wake. Katika miaka ya 1940 mkemia Mmarekani aitwaye Russell Marker alikwenda Mexico akatafuta viazi vikuu vya porini, na kutokana na viazi hivyo akatengeneza projesteroni kwa wingi. Mwaka 1951 wakemia huko huko Mexico wakatengeneza norethisterone, ambayo hadi leo imo katika baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Lakini sikiliza vizuri: kazi hiyo ilifanyika katika maabara. Mwili wa binadamu hauwezi kukigeuza kiazi kikuu kuwa projesteroni. Ukiuziwa krimu au unga wa viazi vikuu kwa ahadi kwamba utakuongezea homoni hiyo, umeuziwa maneno.

Hapa jirani zetu Kongo, katika miaka ya 1960, daktari kutoka Norway aitwaye Lorents Gran aliona wanawake wenye uchungu wakinywa maji ya mmea fulani ili wajifungue haraka. Alipouchunguza mmea huo, ukakutwa una kemikali inayokaza misuli ya kizazi kweli kweli. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Lakini nguvu hiyo hiyo inayokaza kizazi inaweza kukichana, na mtoto akakosa hewa. Ndiyo maana wakunga wa hospitali hutuonya tusinywe dawa za kuongeza uchungu kwa siri.

Jani lenye nguvu ya kuponya lina nguvu ya kuumiza. Lisilo na nguvu ya kuumiza hata kidogo, huenda halina ya kuponya pia.

Mauti ndani ya chungu

Wengi tunaikumbuka habari ya Elisha huko Gilgali wakati wa njaa (2 Wafalme 4). Mtu mmoja alitoka kondeni kuchuma mboga, akakuta mtango mwitu, akajaza nguo yake, akakatakata na kutia chunguni. Neno lasema hawakuyajua. Walipoanza kula ndipo wakalia kwamba mna mauti chunguni. Mtu yule hakuwa mbaya. Alitaka kuwalisha wenzake. Kosa lilikuwa kutokujua alichochuma.

Jambo kama hilo liliwapata wanawake wa Ubelgiji. Kati ya mwaka 1990 na 1992, kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels iliwapa wateja wake vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea uliokusudiwa, Stephania, ulikuwa umechanganywa na mwingine wenye jina linalofanana nao kwa Kichina, Aristolochia. Mwaka 1993 madaktari wa huko walitangaza kwamba wanawake walikuwa wanaharibikiwa figo. Hatimaye waathirika walizidi 100, na wengi wao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Mwaka 2000 ikaripotiwa kwamba baadhi yao wamepata pia saratani ya njia ya mkojo. Wanawake hao walitaka kupungua tu, wavae nguo zao za zamani. Walikuwa akina mama kama sisi, tena katika nchi yenye hospitali nzuri.

Na si kila chupa iliyoandikwa "asilia" ni ya mimea mitupu. Wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali wamekuta dawa za "mitishamba" za kupunguza mwili zikiwa zimetiwa sibutramine, dawa ya viwandani iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya hatari yake kwa moyo. Nyingine za kunenepesha na za maumivu ya viungo zimekutwa na steroidi. Mama ananenepa uso, anafurahi, kumbe presha na sukari vinapanda chini kwa chini.

Tunayoyajua kuhusu baadhi ya dawa hizi

Soya ina viini vinavyofanana kidogo na estrojeni. Kuna utafiti ulioonyesha kwamba vinapunguza joto la ghafla kwa kiasi, na mwingine ambao haukuona tofauti kubwa. Soya kama chakula, kwenye uji au maharage, haina shida kwa wengi wetu. Ila mama anayetumia dawa ya tezi la shingo asiimeze pamoja na soya, maana soya huzuia dawa hiyo kuingia vizuri mwilini.

Uwatu tunaujua pwani na bara, hasa kwa mama anayenyonyesha. Hushusha sukari ya damu. Kwa hiyo mama mwenye kisukari anayemeza dawa zake na kunywa uwatu mwingi anaweza kushuka sukari hadi kuanguka. Mjamzito asinywe uwatu kama dawa, maana unaweza kuchochea kizazi. Aliye na mzio wa karanga awe mwangalifu, kwa kuwa ni mimea ya ukoo mmoja.

Kuna mzizi wa Marekani ya Kaskazini unaouzwa madukani kwa jina la black cohosh, na husifiwa sana kwa joto la ghafla. Mwaka 2012 watafiti waliokusanya majaribio 16 yaliyohusu wanawake zaidi ya 2,000 walisema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba unasaidia. Tena wako watumiaji wachache walioharibika ini, na Uingereza mwaka 2006 iliagiza onyo hilo liandikwe kwenye pakiti. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi au maumivu upande wa kulia wa tumbo, acha mara moja na uende hospitali.

Mmea mwingine wa kigeni, Hypericum, wenye maua ya manjano, huuzwa kwa ajili ya huzuni na kukosa raha. Huu hufanya ini liondoe dawa nyingine haraka mno. Mama anaweza kushika mimba akiwa anameza vidonge vya uzazi wa mpango kila siku. Anayetumia dawa za VVU anaweza kukuta dawa zake hazifanyi kazi. Kitunguu saumu cha vidonge na tangawizi nyingi navyo si vya kuchezea kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji.

Wengine wanauliza: je, homoni za hospitali? Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani wenye wanawake 16,608 ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Ilionekana kwamba kwa kila wanawake 10,000 waliotumia estrojeni na projestini kwa mwaka mmoja, waliongezeka 8 wenye saratani ya matiti, ingawa walipungua 5 wa kuvunjika nyonga. Habari hiyo iliwatisha wengi wakakimbilia chupa za mitishamba. Lakini wanawake wale kwa wastani walikuwa na miaka 63. Leo madaktari husema kwamba kwa mama aliye chini ya miaka 60, ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na saratani ya matiti wala historia ya damu kuganda, faida mara nyingi huzidi hasara. Hayo ni ya kuzungumza na daktari, kila mtu kwa hali yake. Na aliyewahi kuugua saratani ya matiti asitumie hata mmea wowote unaofanya kazi kama estrojeni bila daktari wake kujua.

Wifi yangu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikoma hedhi akiwa na miaka 51. Miaka minne baadaye akaona damu. Ilikuwa kidogo, akanyamaza. Ilipoongezeka akamwendea muuza dawa mmoja sokoni, akaambiwa kwamba ni uchafu wa kizazi uliobaki, na kwamba akiona damu zaidi ashukuru, maana anasafishika. Akanywa. Kila damu ilipotoka, akashukuru. Alikunywa hivyo kwa miezi minane.

Sisi tulikuwa mkoa mwingine. Tulipokwenda kwa mahari ya binti yake ndipo nilipomwona alivyokonda. Usiku tulilala chumba kimoja, akanieleza yote, akinisihi nisimwambie kaka yake. Kesho yake tulikwenda hospitali. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, nayo ilikuwa imesambaa. Alipata mionzi Dar es Salaam, akapata nafuu ya kumwona binti yake akiolewa, lakini hakumaliza mwaka wa pili.

Sijui kama majani yale yalimdhuru. Daktari mwenyewe hakusema hivyo. Kilichomdhuru ni ile miezi minane. Siku moja nikimwosha miguu alinitazama akasema, "Wifi, mbona haya hatufundishwi? Tumefundishwa kumpokea mume, tumefundishwa kulea. Hili la damu ya uzeeni nani angenifundisha?"

Mama msomaji, basi mimi nakufundisha, kwa ajili yake. Damu yoyote inayotoka baada ya hedhi kukoma mwaka mzima si uchafu wala si kusafishika. Ni mwito wa kwenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi itakuwa jambo dogo. Lakini anayeweza kusema ni dogo ni yule aliyekupima.

Nifanyeje basi?

Kwanza, jipime kabla ya kutafuta dawa. Presha, sukari, wingi wa damu, mlango wa kizazi. Kipimo cha mlango wa kizazi kinachotumia siki ni cha dakika chache, na zahanati na vituo vingi vya afya vinacho.

Pili, mwambie daktari au mfamasia kila unachokunywa, hata chai, hata kama unaogopa atakukaripia. Chukua pakiti yenyewe umwonyeshe.

Tatu, usinywe kisicho na jina. Uliza ni mmea gani, sehemu gani ya mmea, umetengenezwa lini na nani. Hapa Tanzania Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, husajili waganga na dawa zao. Pale Muhimbili kazi ya kuchunguza mimea ya dawa ilianza tangu mwaka 1974. Kama muuzaji anakasirika ukimuuliza kuhusu usajili, umepata jibu lako.

Nne, jaribu dawa moja kwa wakati mmoja, kwa kiasi kidogo, na uandike tarehe. Ukichanganya tatu ukawashwa mwili, hutajua ni ipi.

Tano, usiache dawa za hospitali kwa sababu umeanza mitishamba. Tulishuhudia mwaka 2011 maelfu wakienda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, na wako walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Imani haikuzuii kumeza kidonge. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Sita, kumbuka kwamba kabla ya miezi 12 kutimia bado unaweza kushika mimba. Dawa inayochochea kizazi inaweza kumkuta mtoto ndani.

Na saba, usidharau yale yasiyouzwa kwenye chupa. Mimi nilipunguza kahawa na pilipili za jioni, nikavaa nguo nyepesi za pamba, nikaanza kutembea kwa miguu kila asubuhi na majirani wawili. Ukavu wa ndani ulinitatizia ndoa mpaka nilipomwambia muuguzi, akanielekeza kilainishi cha duka la dawa. Joto halikuisha siku moja. Lilinichukua miaka mitatu hivi. Lakini nililala.

Kwa waume zetu na binti zetu

Wengi hununua dawa za siri kwa hofu ya kuachwa. Tunadhani mwili ukibadilika, mume atatafuta mwingine. Nakusihi, zungumza naye kabla hujazungumza na muuza dawa. Mweleze kama unavyomweleza habari ya ada za watoto, kwa maneno ya wazi. Mume anayejua kwamba mkewe anatokwa jasho kwa sababu ya homoni hatalichukulia kuwa ni dharau.

Na kikao chetu cha akina mama kinaweza kufanya zaidi ya kuchangia sherehe. Mwaka jana tulimwalika muuguzi mkuu wa kituo cha afya, tukamwomba aje na vipimo vya presha. Wanawake 40 walikuja, na mwenzetu wa unga wa kahawia ndiye aliyepanga viti. Mabinti tuliwaruhusu wakae nasi. Tangu mwaka 2018 nchi yetu inawachanja wasichana kinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na wengi wa mama zao walikuwa bado hawajajua chanjo hiyo ni ya nini.

Binti wa marehemu wifi yangu alikuwepo, amembeba mtoto wake wa kwanza. Aliuliza maswali kuliko wote, tena kwa sauti, mbele ya wazee. Hakuna aliyemnyamazisha.